Jina tupu ni afadhali kuliko jina danganyifu: Istilahi za mitandao na mtihani wa CCNA

Mtihani wa CCNA, ambao kampuni ya Cisco ya Marekani huutoa kwa mafundi na wahandisi wa mitandao ya kompyuta, hufanywa kwa lugha mbili: Kiingereza na Kijapani. Mtahiniwa wa Nairobi, Mombasa au Eldoret hupewa dakika 120, na hakuna mahali atakapoulizwa swali kwa Kiswahili. Hilo halinishangazi. Linalonikereketa ni kwamba sisi wataalamu wa lugha tumemwandalia kijana huyo msamiati ambao, badala ya kummulikia njia, mara nyingine humpotosha.

Nalisema hili kwa sababu Kiswahili kimo ndani ya maandalizi hayo, tupende tusipende. Hebu ingia katika chumba ambamo vijana watano wanadurusu pamoja mada za waifai na usalama wa mtandao. Kitabu ni cha Kiingereza na maswali ya mazoezi ni ya Kiingereza. Lakini mabishano je? "Hapana bwana, hiyo pakiti haiwezi kupita, si imeshakatazwa huku juu?" Hicho ni Kiswahili, chenye Sheng ndani yake, na hapo ndipo ufahamu unapozaliwa. Mtu hukariri kwa lugha ya kitabu, ila huelewa kwa lugha anayobishania.

Katika miaka yangu ya kufundisha tafsiri na istilahi, nimeombwa mara si haba na wanafunzi wa teknolojia niwape "orodha ya maneno ya Kiswahili" ya masomo yao. Makala haya ni jibu langu kwao, na pia ni ukosoaji kwa wenzangu tunaoziunda orodha hizo. Nimechagua mada mbili, waifai na usalama, kwa sababu ndizo zinazogusa maisha ya kila mtu. Katika mtihani wenyewe, wenye nambari 200-301, misingi ya usalama imetengewa asilimia 15 ya maswali. Waifai haina sehemu yake peke yake. Imetawanywa ndani ya misingi ya mitandao, ndani ya ufikiaji wa mtandao, na ndani ya usalama wenyewe. Mtahiniwa anayedhani ataisoma siku moja na kuimaliza anajidanganya.

Tuanze na kigezo, kwa maana ukosoaji usio na kigezo ni umbea. Kwa miaka mingi tumebishana iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Wino mwingi umemwagika, na bado mwananchi anasema kompyuta. Kosa la mjadala ule halikuwa wingi wa maneno. Tulisahau kuuliza swali la msingi: je, jina hili linamfundisha nini anayelisikia mara ya kwanza?

Chukua neno waifai. Wengi huamini kwamba jina hilo ni ufupisho wa maneno fulani ya Kiingereza yenye maana nzito. Sivyo. Ni jina la kibiashara lililobuniwa mwaka 1999 na kampuni ya kutunga majina ya bidhaa. Halina maana yoyote ndani yake, na halijamdhuru yeyote. Mzungu na Mswahili wote hulijia wakiwa mikono mitupu, wakafundishwa kitu chenyewe.

Sasa linganisha na jina la mbinu ya kwanza ya kulinda mawasiliano ya waifai, WEP, iliyokuja pamoja na kiwango cha 802.11 cha mwaka 1997. Herufi hizo zilifupisha ahadi kwamba mtumiaji atapata faragha sawa na ya mtandao wa waya. Ahadi tamu! Kufikia mwaka 2001 watafiti walikuwa wameonyesha hadharani jinsi ya kuipata funguo ya WEP kwa kukusanya tu pakiti zinazopita hewani. Lakini jina liliendelea kuahidi, na watu waliendelea kuliamini.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Jina lisilo na maana halidhuru, kwa sababu humlazimisha mwanafunzi aulize. Jina lenye maana potofu hudhuru, kwa sababu humfanya aridhike kabla hajaelewa. Ikiwa Kiswahili hakina neno linalofafanua kazi ya kitu, na tuazime kwa sauti bila haya. Ikiwa tunalo, tulitumie kwa fahari. Tusichokubali ni kutafsiri jina la Kiingereza kipande kwa kipande, kisha tukaita hiyo istilahi.

Nikipitisha kipimo hicho juu ya maneno yetu, la kwanza kuanguka ni "ukuta wa moto". Mwingereza alipoliunda jina lake alikuwa akifikiria ukuta unaojengwa ndani ya jumba ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Mswahili akisikia "ukuta wa moto" haoni hayo. Anaona ukuta unaowaka. Na hata akielezwa asili ya neno, bado atakuwa na picha ya kitu kinachozuia kila kitu, ilhali kazi kubwa ya chombo hiki ni kuchagua nani apite na nani asipite. Waliopendekeza "ngome" wamesogea karibu, maana ngome ina lango. Hata hivyo, uhai wa chombo hiki haumo katika mawe ya ngome. Umo kwa anayesimama langoni.

Kiswahili kinalo jina la mtu huyo tangu zamani: bawabu. Nalipendekeza hapa kwa sababu linafundisha. Bawabu wa jengo la kupangisha ana orodha mkononi. Huisoma kuanzia juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaomhusu mgeni ndio anaoutekeleza. Hasomi zaidi. Sasa tuseme mstari wa kwanza unasema, "Wageni wote wa ghorofa ya tatu waruhusiwe," na wa pili unasema, "Juma, mgeni wa ghorofa ya tatu, akatazwe." Je, Juma atazuiwa? Ng'o! Atapita akipiga mluzi, kwa sababu bawabu hakuufikia mstari wa pili. Na mgeni ambaye hatajwi popote? Huyo hurudishwa, kwa kuwa chini ya kila orodha pana mstari usioandikwa unaosema, "Wengine wote wakatazwe."

Huo ndio utendakazi wa orodha za ruhusa zinazowekwa katika ruta, na ni miongoni mwa mambo ambayo mtahiniwa wa CCNA hutakiwa kuyaweza kwa vitendo. Mpangilio wa mistari ni sheria, na kimya ni katazo. Kisha ongeza hatua moja: bawabu mahiri hukumbuka nani alitoka ndani asubuhi, hivyo anaporudi jioni hamsumbui. Chombo cha ulinzi kinachokumbuka mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani, kikaruhusu majibu yake yarudi, ndicho kinachotofautiana na ruta yenye orodha tu. "Ukuta wa moto" usingetufikisha hapa hata tukiutazama mwaka mzima.

Neno la pili ni lile la "bila waya" au "pasiwaya". Hili silihukumu kwa ukali uleule. Halisemi uongo, ila linasema nusu ya kweli. Latuambia kilichokosekana, halituambii kilichopo. Kilichopo ni hewa, na hewa ni ya wote. Katika mtandao wa waya wa siku hizi, kila kompyuta ina njia yake hadi kwenye swichi. Katika waifai, vifaa vyote vilivyo karibu vinatumia baraza moja, na barazani wawili wakisema kwa pamoja hakuna anayesikika. Ndiyo sababu kifaa cha waifai husikiliza kwanza kama hewa imetulia, ndipo kinene.

Kiswahili hapa kina hazina ambayo sijaiona ikitumika darasani, nayo ni kitenzi "kusikilizana". Kwetu kina maana mbili kwa pamoja: kusikia mmoja kauli ya mwenzake, na kupatana. Waifai hutegemea maana zote mbili. Vifaa viwili vilivyo pembe mbili za jengo vinaweza kukisikia kituo cha waifai kilicho katikati, lakini vyenyewe visisikilizane. Kila kimoja kitadhani hewa ni tulivu, vyote vitanena, na kituo kitapokea vurugu. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hatalisahau tatizo hilo.

Ni vivyo hivyo kwa swali ambalo halikosi katika maandalizi: kwa nini chaneli 1, 6 na 11? Katika masafa ya gigahezi 2.4, vitovu vya chaneli hizi vimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali mawasiliano yenyewe huhitaji upana wa takriban megahezi 20. Chaneli 1 na 2 ni kama majirani wawili wanaohubiri kwa vipaza sauti ukuta kwa ukuta. Kutoka 1 hadi 6 ni megahezi 25, na kutoka 6 hadi 11 vilevile, hivyo hawaingiliani. Mwanafunzi akiliita somo hili "mtandao wa hewani", hewa inayogawanwa iko ndani ya jina. Akiliita "pasiwaya", itambidi aitafute kwingine.

Neno la tatu lina hatari zaidi, kwa sababu kila mmoja wetu hulitumia: "nenosiri". Wapo wanaopendelea "nywila", na hao sina ugomvi nao. "Nywila" ni jina ambalo mzungumzaji wa kawaida hawezi kulichambua, kwa hivyo haliahidi kitu. Lakini "nenosiri" humwambia mwenye duka, mwalimu mkuu na karani wa zahanati kwamba kinachotakiwa ni neno. Neno moja! Basi anaandika jina la mtoto wake au la kijiji chake, akalala usingizi mnono.

Angalia madhara yake. Katika WPA2, mbinu ya ulinzi iliyoanza mwaka 2004 na ambayo bado imeenea mno majumbani na katika biashara ndogo, siri inayoshirikiwa na watumiaji inaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Kifaa kinapojiunga, hicho na kituo hubadilishana jumbe nne ambazo kwazo kila upande huthibitisha kwamba unaijua siri bila kuitamka. Ni ufundi mzuri. Tatizo ni kwamba mtu aliyeketi kwenye gari nje ya jengo anaweza kuzinasa jumbe hizo nne, akaenda nazo kwake, na kompyuta yake ikajaribu maneno ya kamusi nzima, moja baada ya jingine, bila mtandao wako kujua lolote. Neno moja halifui dafu. WPA3 ya mwaka 2018 imeuziba mwanya huo kwa kumlazimisha mkisiaji ajaribu kila kisio mbele ya mtandao wenyewe, lakini vifaa vya zamani bado vimejaa.

Laiti tungaliiita "kauli ya siri", jina lenyewe lingemwelekeza mtumiaji kwenye maneno kadhaa yaliyopangwa pamoja. Wala isiwe methali, kwa sababu methali nazo zimeandikwa kamusini! Hapa msomaji anaona kwamba uundaji wa istilahi si mchezo wa wasomi. Kiambishi kimoja chaweza kuacha mlango wazi.

La nne ni dhana ya kuficha maana ya ujumbe, ambayo siku hizi huitwa "usimbaji fiche". Naiunga mkono istilahi hii kwa sharti kwamba neno "fiche" lisidondoshwe. Kusimba peke yake ni kuweka habari katika mfumo wa alama, na jambo hilo halina siri yoyote. Herufi hizi unazozisoma gazetini zimesimbwa ndani ya kompyuta kwa tarakimu, na hakuna aliyefichwa kitu. Wanafunzi wanaosema "data imesimbwa, iko salama" wamechanganya vitu viwili.

Wapo pia wanaotaka tuseme "kufumba", kwa kuwa Waswahili ni mabingwa wa mafumbo. Hoja hiyo inavutia. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa akiwa kifungoni anamtuma Saada, mjakazi, kwa mamaye. Anamwimbia ujumbe mbele ya askari, nao wanasikia kila neno bila kuelewa. Mama anaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Askari waliozoea kumnyang'anya mateka chakula kizuri wanaudharau mkate huo, na tupa inamfikia Liyongo. Kisha ngoma ya gungu inapopamba moto nje, hakuna anayesikia pingu zikikatwa.

Ni kisa cha usalama wa mawasiliano kama vilivyo vingine vyote. Ila tazama kilichokilinda: askari kutoijua mbinu. Laiti wangeigundua siku ile, mkate wa wishwa usingepita tena milele. Hali ni hiyohiyo katika kinyume, ile lugha ya kugeuzageuza silabi iliyochezwa na vijana wa pwani. Ukishaijua kanuni yake, umeijua yote. Mwaka 1883 Mholanzi Auguste Kerckhoffs alieleza msingi ambao hadi leo unaongoza fani hii: mfumo uwe salama hata kama adui anaijua mbinu yote, ilmuradi haijui funguo. Kanuni ya AES, ambayo WPA2 huitumia, imechapishwa wazi kwa yeyote kusoma. Siri imo katika funguo tu. Kwa hivyo "kufumba" kungemfundisha mwanafunzi kinyume cha ukweli. Mwachieni malenga fumbo lake.

Na kabla sijamwacha Liyongo, kumbuka jinsi alivyouawa. Adui hawakuvunja ukuta wowote. Walimtumia mwanawe wa kumzaa, aliyeipata siri ya sindano ya shaba kitovuni. Vitabu vya CCNA hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba hatari hutoka ndani pia: mtu anayechomeka kifaa chake kwenye swichi ya ofisi na kujifanya ndiye mgawaji wa anwani za mtandao, mathalani. Swichi huambiwa itambue ni tundu lipi tu linaloaminika kwa kazi hiyo, na mgawaji bandia akijitokeza kwingine, majibu yake hutupwa.

La tano ni maneno mawili ambayo yametafsiriwa kwa kamusi bila kuangalia muktadha. Vitabu vya usalama hutaja nguzo tatu: siri, kisha nguzo ambayo baadhi yetu tumeiita "uadilifu wa data", na upatikanaji. Uadilifu! Data haina maadili, jamani. Haiwezi kula hongo wala kukataa hongo. Kinachokusudiwa ni kwamba ujumbe umefika mzima kama ulivyotumwa, hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Kiswahili kinasema "uzima". Uzima wa data. Ni neno fupi ambalo hata bibi yangu kijijini angelielewa, kwa sababu tunauliza uzima wa mayai tunapoyapokea kutoka sokoni.

Vilevile, katika utaratibu wa hatua tatu wa kumpokea mtumiaji, hatua ya mwisho imetafsiriwa mahali kwingi kuwa "uhasibu". Mwanafunzi anafikiria fedha. Rudi kwa bawabu wetu. Kwanza anataka kitambulisho: huko ni kuthibitisha kwamba mtu ni yule anayesema ndiye. Pili anaangalia umeruhusiwa ghorofa ipi: huko ni kuidhinisha. Tatu anaandika daftarini jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka: huko ni kuweka kumbukumbu. Hakuna shilingi hata moja iliyohesabiwa. Kila Mkenya aliyewahi kuandikishwa langoni ameshayaishi maswali haya. Kinachomshinda ni jina tu.

Nimetaja makosa. Haki inadai nitaje pia chanzo chake, maana si uzembe mtupu. Sehemu kubwa ya msamiati wetu wa kompyuta ilizaliwa katika kutafsiri programu kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida. Kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya kuitafsiri OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, ni mfano wa kuheshimiwa. Lakini anayetafsiri programu hufanya kazi na vipande vifupi vya maneno, vingi vikiwa vimeng'olewa katika muktadha wake: fungua, hifadhi, chapisha. Kwa mtumiaji, hayo yanatosha. Fundi anayejenga na kuulinda mtandao anahitaji maneno yanayobeba utendakazi, na huyo hatujamwandikia.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi zito. Mtihani ni wa Kiingereza, mitambo inaamrishwa kwa Kiingereza, waajiri wanahoji kwa Kiingereza. Kwa nini tumbebeshe kijana mzigo wa pili? Nakubaliana na nusu ya hoja hii. Asiyezijua herufi za WPA, AES na SSID kama zilivyo atafeli, na hakuna istilahi itakayomwokoa. Sipendekezi abadilishiwe herufi hizo. Ninachosema ni kwamba herufi ni mlango, na nyuma ya mlango kuna mambo ya kuelewa. Swali la mtihani huu kwa kawaida haliishii kwenye jina la kitu. Mtahiniwa huonyeshwa hali, orodha ya mistari au mchoro, akatakiwa aseme kitatokea nini. Aliyekariri jina hukwama hapo.

Kwa wanaodhani kwamba lugha isiyo Kiingereza haiwezi kubeba fani hii, waitazame lugha ya pili ya mtihani wenyewe. Wajapani walipofika kwenye kile tulichokiita ukuta wa moto, waliazima sauti ya Kiingereza na kuandika "faiauoru". Walipofika kwenye kuthibitisha mtu, walitumia neno lao, "ninshō". Walipofika kwenye usimbaji fiche, wakatumia lao tena, "angōka". Kwa waifai kwa jumla wanalo neno "musen", ambalo maana yake ni bila waya, sawa na letu. Hawakuona aibu kuazima wala hawakuona haja ya kuazima kila kitu. Wamechagua neno kwa neno.

Kuna jambo kubwa zaidi ya cheti, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Kijana huyu akifaulu, ataitwa kuunganisha waifai katika zahanati, shule ya msingi au chama cha akiba na mikopo. Mwenye zahanati atamuuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, rekodi za wagonjwa wangu ziko salama?" Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, swali hilo lina uzito wa kisheria kwa mwenye zahanati, si udadisi. Fundi akijibu, "Ndiyo mama, tumekuwekea WPA2," hajajibu. Ametamka herufi, na mama ataitikia kwa kichwa kwa sababu anaona haya kuuliza tena. Lakini akisema, "Mama, anayekaa nje ya jengo anaweza kuzisikia data zako zikipita hewani lakini hawezi kuzielewa, mradi kauli yako ya siri ni ndefu na hujaibandika ukutani pale mapokezi," mama huyo ataenda kuibandua ile karatasi mapokezini jioni hiyohiyo. Usalama umeongezeka, na kilichouongeza ni sentensi ya Kiswahili.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Cheo hicho hakitatusaidia ikiwa katika mambo yanayowahusu watu, kama faragha ya rekodi zao, wanajibiwa kwa herufi wasizozijua.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwa wanafunzi: mnapodurusu waifai na usalama, kila mnapokutana na herufi tatu au nne, zikaririni kama zilivyo, kisha mmoja wenu asimame awaeleze wenzake kwa Kiswahili kitu hicho hufanya kazi gani, bila kutumia herufi hizo. Akishindwa, bado hamjaielewa mada hiyo, hata kama mnapata majibu sahihi katika maswali ya mazoezi.

Kwa wahadhiri wa teknolojia: msiwakaripie wanaouliza kwa Kiswahili darasani. Jibuni kwa Kiswahili, kisha rudini kwenye Kiingereza cha kitabu.

Na kwa sisi wa lugha: tusitoe orodha nyingine ya istilahi za mitandao kabla ya kuketi na fundi mmoja mbele ya swichi na ruta, tukaona taa zikiwaka na pakiti zikikataliwa. Kila neno tunalolipendekeza tumpe mwanafunzi asiyelijua, tumwulize analidhania kuwa nini. Akitaja kazi ya kitu, tulichapishe. Akisema hajui, tunaweza kuliacha, atafundishwa. Akitueleza kwa uhakika kitu ambacho sicho, tulifute siku hiyohiyo.